Breki ya diski isiyoshika: Safisha na rekebisha kabla ya kununua nyingine

Na Mwandishi Wetu

BAISKELI yenye breki za diski imekwisha kuwa kitu cha kawaida katika miji yetu. Zipo zinazoshushwa kama mitumba kutoka Japani na Ulaya, na zipo mpya za bei ya kati zinazopangwa mbele ya maduka. Mtu aliyekulia juu ya Phoenix yenye breki za vyuma, ambazo siku ya mvua humlazimu kuburuta soli ya kiatu barabarani ili asimame, huzitazama breki hizi kwa matumaini makubwa.

Matumaini hayo mara nyingi hukatika baada ya wiki chache. Breki hulia kama filimbi, mkono wa breki hugota kwenye usukani, na baiskeli husimama mita kadhaa mbele ya pale mwendeshaji alipotaka. Wengi wakifika hapo huamua kwamba breki ni mbovu, wakatafuta nyingine. Kwa sehemu kubwa hiyo ni hasara ya bure. Breki ya diski inayoshika vibaya kwa kawaida ina moja ya kasoro tatu: imeingiwa na mafuta, haijazoeshwa tangu ilipofungwa, au haikukaa sawa. Zote tatu hurekebishwa kwa vifaa vichache na saa moja ya uvumilivu.

Kabla ya kushika spana, ni vema kujua ukubwa wa kazi inayofanywa na breki. Kazi hiyo ni kugeuza mwendo kuwa joto. Mtu na baiskeli yake wenye uzito wa kilo 90 kwa pamoja, wakienda kilomita 30 kwa saa, wamebeba nishati ya takriban jouli 3,100, na zote lazima ziishie mahali fulani wanaposimama. Kwenye mteremko hesabu hubadilika kabisa. Kushuka mita 100 tu za kimo huachia jouli zaidi ya 88,000, sawa na kusimama kutoka mwendo huo mara 28. Anayeshuka kutoka Lushoto hadi Mombo hupoteza takriban mita 1,000 za kimo, na nishati yake ingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya baridi. Upepo na matairi huchukua sehemu, lakini inayobaki huingia kwenye vibamba viwili vyembamba vya chuma na vipande vinne vidogo vya pedi. Ndiyo maana kasoro ambayo kwenye barabara tambarare ni kero tu, mlimani huweza kumtoa mtu roho.

Chombo chenyewe

Breki ya diski si uvumbuzi wa juzi. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza mwaka 1902 kwa ajili ya magari, na mwaka 1953 gari la Jaguar lenye diski lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans. Kwenye baiskeli ilienea kwanza katika zile za milimani, miaka ya 1990. Za mashindano ya barabarani zilichelewa sana: chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kilianza majaribio mwaka 2015, kikayasimamisha Aprili 2016 baada ya mashindano ya Paris-Roubaix kuibua malalamiko ya majeraha, kikayarejesha mwaka uliofuata na kuziruhusu rasmi Julai 2018. Walipokutana Kigali Septemba 2025 kwa mashindano ya kwanza ya dunia ya barabarani kufanyika Afrika, jiji ambalo halina mahali pa kupumzikia ila kupanda na kushuka, waendeshaji wakubwa walikuwa wamekwisha kuzizoea.

Sehemu zake ni chache. Kuna diski, yaani bamba la chuma la duara lililofungwa kwenye habu ya gurudumu. Kuna kalipa, kile kifaa kilichofungwa kwenye foko au kwenye fremu nyuma, ambacho hubeba pedi mbili na kuibana diski kati yake. Na kuna mkono wa breki kwenye usukani. Kinachounganisha mkono na kalipa ndicho kinachotofautisha aina mbili kuu: nyingine hutumia waya kama breki za kawaida, nyingine hutumia mafuta yaliyofungiwa ndani ya mrija, na hizi huitwa hidroliki. Kuzitambua ni rahisi. Ukiona waya umetokeza na kubanwa kwa bolti kwenye kalipa, hiyo ni ya waya.

Mafuta, adui wa kwanza

Breki hufanya kazi kwa msuguano, na mafuta kazi yake ni kuua msuguano. Hilo kila mtu analijua, lakini baiskeli ni chombo ambacho tumezoea kukipaka mafuta kila mahali. Breki ikilia, mkono huenda kwenye kopo la oili. Tone moja la oili kwenye diski hufyonzwa na pedi, kwa kuwa sehemu yake ya msuguano ina vitundu vidogo kama sifongo, na kuanzia hapo breki hiyo haiwezi kupona kwa kufuta diski peke yake: kila ukibana, pedi huirudishia diski mafuta yaliyofutwa.

Mafuta hayo huingia kwa njia nyingi zaidi ya oili ya makusudi. Dawa ya kupulizia mnyororo husambaa hewani na kutua kwenye diski ya nyuma. Vidole vya fundi aliyekuwa akishika mnyororo huacha alama. Hata vidole visafi vina mafuta ya ngozi, na kwa sababu hiyo diski hushikwa pembeni au kwenye mikono yake ya katikati, kamwe si kwenye uso unaobanwa. Njia ambayo mwandishi wa makala haya anaiona kuwa mbaya kuliko zote ni ile ya kuosha baiskeli nzima kwa mafuta ya taa. Kwa mnyororo na gia, mafuta ya taa yanafaa. Kwa diski ni sumu, kwani huacha utando wa mafuta hata baada ya kuonekana yamekauka.

Diski husafishwa kwa spiriti. Inayofaa zaidi ni ya isopropili, yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa na ya vifaa vya elektroniki. Loweka kitambaa kipya, futa pande zote mbili, geuza kitambaa, futa tena, na endelea mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Asiye na spiriti anaweza kutumia maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha asuuze kwa maji mengi. Kitambaa kilichowahi kufutia mnyororo kisikaribie kazi hii.

Pedi ni habari nyingine. Zitoe kwenye kalipa na uzitazame kwenye mwanga wa jua. Ikiwa uso wake unang'aa kama kioo lakini ni mkavu, huo ni ugumu uliosababishwa na joto, na pedi bado ina uhai. Weka msasa laini juu ya kioo au kigae ili uwe tambarare, kisha sugua pedi kwa mizunguko midogo mpaka mng'ao uondoke. Vumbi lake lisivutwe puani. Ikiwa uso una madoa meusi ya unyevu au una harufu ya oili, msasa husaidia tu pale ambapo mafuta hayajazama. Wapo wanaozichoma pedi za namna hiyo kwenye jiko ili mafuta yaungue. Mara chache hufaulu, moshi wake si wa kuvutwa na mtu, na gundi inayoshika pedi kwenye bati lake inaweza kuachia. Pedi iliyolowa ni ya kutupa. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na bei ya breki nzima.

Kama pedi mpya zinalowa tena baada ya siku chache bila mtu kumwaga kitu, basi mafuta yanatoka ndani. Kwenye breki ya hidroliki hiyo ni dalili kwamba mpira unaozuia mafuta kwenye pistoni umechoka. Hapo ndipo kalipa mpya inapohitajika kweli.

Kuzoesha breki mpya

Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na haigharimu hata senti. Pedi mpya kwenye diski safi haishiki vizuri. Nguvu kamili huja pale utando mwembamba wa kitu cha pedi unapohamia juu ya diski na kutandaa kwa usawa, ili pedi isugue kitu cha jamii yake badala ya chuma kitupu. Utando huo hauji wenyewe. Hujengwa kwa joto linalopanda taratibu.

Tafuta barabara tulivu isiyo na magari. Ongeza mwendo kiasi, kisha bana breki moja kwa nguvu mpaka ufikie mwendo wa mtu anayetembea, halafu achia. Gurudumu lisisimame kabisa na lisiburuzike. Rudia mara 20 hivi. Baadaye fanya hivyo kwa mwendo mkubwa zaidi, ukibana kwa nguvu zaidi, mara 10. Kisha hamia breki ya pili. Sababu ya kutosimama kabisa ni kwamba pedi yenye joto iliyobana mahali pamoja huacha alama nene hapo, na kuanzia siku hiyo breki itakuwa ikitetemeka kila mzunguko. Ukifika mara ya 10 au ya 12 utahisi tofauti chini ya kidole. Asiyeihisi arudi kwenye kitambaa na spiriti, kwa sababu kuna mafuta mahali.

Kila pedi zikibadilishwa, zoezi hilo hurudiwa. Fundi anayekukabidhi baiskeli yenye pedi mpya na kukuambia uende zako moja kwa moja hajamaliza kazi, ingawa ni haki kusema kwamba barabara nyingi mbele ya vibanda vya mafundi si mahali pa kujaribia chochote.

Kuikalisha sawa

Kabla ya kulaumu kalipa, angalia gurudumu. Magurudumu mengi ya baiskeli za mitumba hufungwa kwa kile kifungio cha mkono kisichohitaji spana. Ikiwa gurudumu lilifungwa baiskeli ikiwa imepinduliwa, ekseli yaweza kukaa upande. Simamisha baiskeli juu ya matairi yake, legeza kifungio, kandamiza usukani chini ili ekseli iingie hadi mwisho, kisha funga. Diski inayosugua upande mmoja huacha kusugua kwa dawa hiyo peke yake mara nyingi kuliko mtu angedhani.

Sasa kalipa. Weka karatasi nyeupe nyuma yake na uchungulie: kati ya diski na kila pedi panapaswa kuonekana mstari mwembamba wa mwanga. Kwenye breki ya hidroliki, ambayo pedi zote mbili hutembea, kazi ni fupi. Legeza bolti mbili zinazoishikilia kalipa mpaka icheze, bana mkono wa breki kwa nguvu na uushikilie, kisha kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, kalipa huzunguka na kukaa upande. Viwanda vingi huelekeza nguvu ya kukaza ya nyutonimita 6 hadi 8, ambayo kwa spana fupi ya L ni nguvu ya kifundo cha mkono, bila kutumia bega.

Breki ya waya inataka subira zaidi, na ndiyo iliyo nyingi katika baiskeli za bei ya kati. Nyingi ya hizi zina pedi moja tu inayotembea, ile ya nje. Pedi ya ndani imesimama, na breki hufanya kazi kwa kuisukuma diski ipinde kidogo mpaka iifikie. Kwa hiyo pedi ya ndani ikiwa mbali, nusu ya nguvu ya mkono huishia kupinda chuma. Hapa ndipo penye ushindi rahisi kuliko wote katika breki za aina hii: skrubu iliyo upande wa ndani wa kalipa, inayotazama njiti za gurudumu, huisogeza pedi hiyo. Izungushe mpaka pedi iguse diski, kisha irudishe kidogo tu mpaka gurudumu lizunguke huru. Avid BB7, ambayo bado hukutwa kwenye mitumba mingi, ina kirungu cha kuzungusha kwa vidole kila upande. Nyingine huhitaji spana ya L au bisibisi ya nyota. Kuna zile zinazosogeza pedi zote mbili kwa waya mmoja, kama TRP Spyre, na hizo hukalishwa kwa namna inayokaribiana na hidroliki.

Baada ya hapo ndipo waya huja. Fungua bolti inayoubana, hakikisha mkono mdogo wa kalipa umerudi hadi mwisho wa nafasi yake, vuta waya uondoe ulegevu tu, kaza. Kosa la kawaida ni kuufuata uchakavu wa pedi kwa kuvuta waya. Breki hurudi kushika kwa wiki moja, lakini mkono mdogo wa kalipa sasa huanzia katikati ya safari yake na kuishia mahali ambapo hauna tena nguvu ya wenzo. Pedi ikipungua, isogeze pedi, waya uachwe.

Waya wenyewe hula nguvu nyingi. Ukiwa na kutu, au ganda lake la nje likiwa limepinda na kujaa vumbi, kidole huchoka kwa kupigana na ganda badala ya diski. Badilisha waya na ganda pamoja. Ganda liwe fupi kadiri inavyowezekana bila kuzuia usukani kugeuka, na ncha zake zikatwe sawasawa na kulainishwa. Yapo maganda yaliyotengenezwa ili yasibonyee, yanayouzwa mahususi kwa breki, na kwa diski za waya hubadilisha hali kwa kiwango kinachowashangaza wengi. Ganda la waya wa gia, ingawa hufanana, lisitumike kamwe. Nyuzi zake zimelala kwa urefu na huweza kupasuka siku utakapobana kwa nguvu zote.

Jambo moja huwatesa wanaounganisha vipuri vya hapa na pale. Mikono ya breki si ya aina moja. Ile iliyotengenezwa kwa breki za V huvuta waya mwingi. Ile ya zamani na ya baiskeli za mashindano huvuta waya mdogo. Kalipa nyingi za baiskeli za milimani zinataka mkono wa kwanza. Ukizipa wa pili, mkono utagota usukani kabla breki haijashika. Kinyume chake ni hatari zaidi kwa kuwa hudanganya: mkono huwa mgumu na imara kama uliorekebishwa vizuri, lakini baiskeli haisimami.

Za mafuta

Breki ya hidroliki hujirekebisha yenyewe pedi zinapopungua, na hiyo ni raha yake. Karaha yake ni kwamba huharibiwa na ukarimu. Mafuta ya breki ni ya koo mbili ambazo hazichanganyiki. Shimano, Tektro na Magura hutumia mafuta ya madini. Hope, Hayes na breki za Avid hutumia mafuta ya DOT, ndugu wa yale ya magari. SRAM, wenye jina la Avid, nao walishikilia DOT kwa miaka mingi kabla ya kuanza kutoa baadhi ya breki za mafuta ya madini mwaka 2022. Aina sahihi huandikwa kwenye kifuniko cha mkono wa breki. Ukitia mafuta ya gari kwenye breki ya madini, au kinyume chake, mipira ya ndani huvimba na kulainika, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Mafuta ya kupikia na ya kupaka watoto, ambayo hayakosi mtu wa kuyapendekeza, hayana nafasi katika habari hii.

DOT ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Kiwango cha DOT 4 hudai mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachodaiwa ni 155 tu. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mkono wa breki huzama hadi usukanini katikati ya mteremko. Katika miji ya pwani yenye unyevu, kuyabadilisha mara moja kwa mwaka si anasa. Mafuta ya madini hayanyonyi maji, lakini maji yakiingia hushuka yenyewe hadi kwenye kalipa, mahali penye joto kuliko pote, na huko huchemka kwa nyuzi 100.

Mkono ukiwa mlaini kama sifongo, kuna hewa ndani. Kabla ya kuitoa kwa sindano na mrija, uliza kama baiskeli ilipinduliwa. Mafundi wetu karibu wote hufanya kazi baiskeli ikiwa imesimama kwa tandiko na usukani, na breki nyingi za hidroliki huwa na kiasi kidogo cha hewa kwenye tangi la mkono wa breki ambacho hakina madhara kikiwa juu. Ikipinduliwa, hewa hiyo hupanda kwenye mrija. Isimamishe, bana na kuachia mkono mara 20 au 30, uiache kwa saa moja, ujaribu tena. Ikirejea ugumu wake, umeokoa gharama.

Gurudumu likiwa nje, mkono wa hidroliki usibanwe. Pistoni hukutana na diski haiwezi tena kuingia. Likikufika hilo, zisukume zirudi taratibu kwa kipande cha plastiki au mbao, kamwe si kwa bisibisi juu ya uso wa pedi.

Pedi gani, diski gani

Pedi za utomvu hushika upesi zikiwa baridi na hazina kelele, lakini tope na mchanga huzila haraka. Za chuma hustahimili joto na hudumu, kwa gharama ya kelele na ya kuchelewa kuzoea. Kwa mizunguko ya mjini za utomvu zinatosha. Anayeshuka milima, au anayepita njia za tope kila masika, atafute za chuma, lakini kwanza asome diski yake: baadhi ya diski za Shimano zimepigwa mhuri kwa Kiingereza kwamba ni za pedi za utomvu pekee, kwa kuwa chuma chake ni laini na kitaliwa.

Shimano huelekeza pedi itolewe sehemu ya msuguano inapobaki nusu milimita. Diski zake nyingi huanza na unene wa milimita 1.8 na hustaafu zikifika 1.5, namba ambayo huchongwa juu yake. Diski iliyopinda kidogo hunyooshwa kwa spana malaya iliyofutwa kwa spiriti, kwa kupinda kidogo sana na kuangalia, kupinda na kuangalia.

Kukuza diski ndiyo njia ya mwisho, na ni ya kweli. Nguvu ya kusimamisha hukua pamoja na kipenyo: kutoka milimita 160 hadi 180 ni ongezeko la takriban asilimia 12, na hadi 203 ni zaidi ya robo. Diski kubwa pia hupoa vizuri zaidi. Lakini itahitaji kiungo cha kuisogeza kalipa, na foko ina kikomo chake, ambacho mtengenezaji hukitaja. Foko nyepesi iliyofungwa diski kubwa kuliko kikomo hicho yaweza kuvunjika.

Mteremkoni, hata breki nzuri huharibiwa na namna ya kuishika. Kuibana kidogo kidogo njia nzima huipika. Bana kwa nguvu kabla ya kona, punguza mwendo kweli kweli, achia, iache ipate upepo, kisha rudia.

Mambo mawili ya mitumba

Baiskeli za Uingereza na Japani kwa desturi huwa na breki ya mbele kwenye mkono wa kulia. Za Ujerumani, Uholanzi na Marekani huwa nayo kushoto. Kwa breki dhaifu tofauti hiyo haina maana sana. Kwa diski, anayebana kwa ghafla akidhani anashika ya nyuma hurushwa juu ya usukani. Siku ya kununua, sukuma baiskeli kwa miguu ubane mkono mmoja mmoja kujua ni upi wa mbele. Mafundi wanaweza kuibadilisha.

La pili ni kifungio cha gurudumu la mbele. Mwaka 2003 mwanasayansi Mwingereza James Annan alieleza hadharani jinsi breki ya diski inavyoisukuma ekseli kutoka kwenye mdomo wa foko, tofauti na breki za rimu, hivyo kifungio kilicholegea ni hatari zaidi hapa. Kisha Aprili 2015 kampuni ya Trek ilitangaza kuzirejesha karibu baiskeli milioni moja za Marekani na Kanada, za matoleo ya mwaka 2000 hadi 2015, kwa sababu mkono wa kifungio ulioachwa wazi uliweza kunasa kwenye diski na kulisimamisha gurudumu ghafla. Mtu mmoja alikuwa amepooza miguu na mikono. Septemba mwaka huo kampuni nyingine 13 zilifuata kwa baiskeli zaidi ya milioni 1.3.

Vifungio vipya vilitolewa bure, lakini mnunuzi wa mtumba hana namna ya kujua kama mwenye mali wa kwanza alikwenda kuchukua chake. Kipimo kilichotolewa wakati ule ni rahisi: fungua kifungio cha mbele hadi mwisho kikiwa upande wa diski, ujaribu kupitisha penseli kati ya mkono wake na diski. Isipopita, badilisha kifungio. Wakati huo huo, kigeuze ili mkono wake ukae kulia, upande usio na diski.

Na baiskeli ikisafirishwa kwenye buti ya basi magurudumu yakiwa yametolewa, chomeka kipande cha boksi kati ya pedi, funika diski kwa mfuko safi, na uangalie usiipange karibu na madumu ya mafuta ya alizeti.